Kilo Sitini

Jumamosi saa saba, lori la mwisho la mahindi lilikuwa limetoka.
Nilikuwa nimezima feni, nimefunga daftari,
Kamotho akaipandisha Starlet yake juu ya sahani ya chuma
polepole, kama anayemlaza mgonjwa.

Mizani yetu ni ya malori. Haijui gramu.
Inahesabu kwa ishirini ishirini; chini ya hapo ni vumbi.
"Usishuke," nikamwambia, "gari tupu halishindani na mtu."
Tangi nusu. Jeki na gurudumu la akiba ameviacha kwao London,
London yetu, ya jaa la taka na korongo.
Nambari nyekundu zikatetemeka, zikatulia:
elfu moja na themanini.

Na farasi?
Mia moja thelathini na watano. Aliyemuuzia aliapa.

Kanuni niliachiwa na Wekulo, mkaguzi wa vipimo,
aliyekuja kupiga muhuri akakaa hadi chai ya pili.
Gawa uzito kwa farasi: kila mmoja anaburuta kilo nane.
Tafuta kipeuo cha tatu cha nane. Ni mbili,
mbili kavu, isiyo na mkia. Karani hapati siku kama hiyo mara nyingi.
Zidisha kwa saba nukta tano nane.
Sekunde kumi na tano na chembe,
toka bendera ishuke hadi robo maili iishe.

Akapiga honi. Bawabu akaangusha ugali wake.

Ngoja, nikasema. Hapa ni Nakuru, si Mombasa.
Hewa ya huku ni chai ya kibandani mwisho wa mwezi:
maji tele, majani ya kuhesabu.
Injini inavuta kifua kizima na haishibi.
Karibu kila farasi wa tano anabaki juu Menengai, anakula nyasi.
Nikawahesabu waliokubali kuja: mia moja na kumi.
Kumi na sita nukta mbili.

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyewaiba.
"Nikitoa kiti cha nyuma? Na spika?"
Toa. Toa na zulia. Kilo themanini zilale sakafuni,
kipeuo cha tatu, bahili yule,
atakurudishia sehemu nne za kumi za sekunde.
Akazitazama spika zake, moja, ya pili.
Akaziacha.

Alipoondoka nilitazama kushoto na kulia,
nikavua viatu, nikasimama katikati ya sahani
pale wanaposimama magunia mia mbili.
Sitini, ikasema.
Zile mbili za ziada ni siri yangu na chuma.

Jumapili, Njoro, kiwanja cha ndege za kunyunyizia ngano dawa.
Lami imepasuka, mbigili zimechungulia.
Mtu ameshika bendera iliyokuwa kitambaa cha meza.
Kamotho alichelewa kuachia klachi, tairi zikalia, gari likajifikiria,
kisha likaenda.
Saa ya mkononi mwangu: kumi na sita nukta nne.
Kanuni haijui mguu wa Kamotho. Mimi naujua.

Akarudi taratibu, boneti ikinuka moto,
akainama akafungua mlango wa upande wa pili.
"Panda."
Nikamwambia, wewe, hiyo ni kilo sitini.
Sehemu tatu za kumi za sekunde. Mbio hii utashindwa,
na yule wa Subaru anacheka tayari.

Hakubisha. Alinyoosha kiganja kwenye mwanga.
Grisi kwenye mistari, na katikati, kwa kalamu ya buluu,
maandishi ya mtu aliyefuta mara tatu:
kumi na sita nukta tano.

Wala hakuwa ameniuliza uzito.
Nikafunga mkanda.